Baharia Aliyenusa Ghala Letu

Mara ya kwanza kumwona Baharia, alikuwa amepiga magoti ndani ya ghala langu, pua ameizamisha katikati ya magunia mawili kama mbwa anayetafuta panya.

"We, umepoteza nini humo?" nikamuuliza.

Hakushtuka. Alimaliza kunusa kwanza. Kisha akasimama, akapangusa magoti, akatoka nje, akageuka na kupiga hodi kwenye nguzo ya mlango kana kwamba ndiyo kwanza anafika.

"Habari za kazi, mama. Nani analala humu?"

"Watu."

"Na mahindi?"

"Yanalala chini yao. Una shida gani?"

"Mtu akilala juu ya chakula," alisema, "kimoja kati ya viwili hivyo kitaoza."

Nilimchukia hapo hapo. Sitaki kuficha.

Nimeandika ghala langu. Lilikuwa la kijiji, kila kitu kilikuwa cha kijiji siku zile, lakini ufunguo ulikuwa kiunoni mwangu. Tulikuwa tumeshahamishwa na kupangwa kando ya barabara, upande wa Mbalibali, na shamba la ujamaa lilikuwa mbali, karibu na vilima wanakotokea nyani na nguruwe. Kila nyumba ilitoa mtu kwa zamu, wiki mbili mbili, kwenda kulima na kulinda. Huko kulikuwa na kambi, bweni la nyasi la watu na ghala la mabati la chakula. Mimi sikwenda zamu, nilikaa huko huko. Nilipewa ufunguo kwa sababu nilikuwa nimemaliza darasa la elimu ya watu wazima na niliweza kuandika kwenye daftari, "leo limetoka gunia moja". Tena nilipewa kwa sababu sichekicheki ovyo na watu.

Mtu ambaye hakuwahi kupewa kitu mbele ya mkutano hawezi kuelewa ufunguo ule ulikuwa nini kwangu. Baba yangu aliniozesha bila kuniuliza jina langu linaandikwaje. Halafu siku moja kijiji kizima kinanyoosha mikono kwamba chakula chao nikishike mimi. Sasa anakuja mwanamume mwenye mkono wa kulia ulioungua mpaka kwenye kiwiko, anapiga magoti, ananusa. Nilijua anataka ufunguo. Nilijua tu.

Alisema alikuwa mpishi msaidizi kwenye meli za mizigo, zile za baharini, siyo hizi za Musoma. Alikotoka kabla ya hapo sitaandika, maana aliyasimulia kwa namna zaidi ya moja. Mume wangu, ambaye ndiye alikuwa balozi wetu wa nyumba kumi, alimwandika kama mgeni mwenye barua ya ruhusa. Nikamwambia, "Baba Robi, umeisoma hiyo barua?" Akasema ameisoma. Nikamwambia anisomee. Akasema ameirudisha. Mume wangu alikuwa mtu wa maneno machache, ukimvuta sana ananyamaza kabisa.

Kwa hiyo nilimchunguza mimi mwenyewe. Nilichokiona ni hiki.

Alikuwa anagongagonga chakula. Ukimpa kipande cha muhogo uliokaushwa, anakigonga mara tatu kwenye jiwe kabla ya kukitia mdomoni. Wanawake walimuuliza anamwita nani. Alisema anawapa wadudu nafasi ya kuondoka kwa heshima. Watu walicheka, lakini yeye hakucheka, akaendelea kugonga. Hata ugali wa moto, obokima uliotoka chunguni sasa hivi, mkono ulianza kwenda kuugonga kisha akaukumbuka na kuurudisha.

Hakula samaki. Baharia, na hali samaki! Walileta sato wakavu kutoka ziwani, kambi nzima ikashangilia, yeye akachukua chumvi akala na ugali. Nilimuuliza sababu. Akasema amewaona samaki wengi wakila. Sikumuuliza wakila nini. Hilo ndilo lilikuwa tatizo lake. Kila jibu lake lilikuwa na mlango nyuma, na mlango umefungwa.

Alikuwa na sanduku la bati. Hakuna aliyeona ndani. Barua zilimjia zenye stempu za nchi nisizozijua, karani wa kijiji akawa anampa huku amezifunika kwa kiganja. Kulikuwa na watu siku zile waliokuwa wanavusha vitu Sirari, na kila mtu aliyekuwa na jamaa ng'ambo ya mpaka alitazamwa kwa jicho la pembeni. Huyu hakuwa na jamaa ng'ambo ya mpaka. Alikuwa na jamaa ng'ambo ya kila kitu.

Na kwa nini aliacha bahari? Kwangu alisema mguu uliumia, meli ikamwacha bandarini. Kwa mume wangu alisema yeye na wenzake wawili walilalamika kwamba nyama ina funza, nahodha akawashusha. Nikawauliza wote wawili tukiwa tumekaa pamoja, "Ni mguu au ni nyama?" Baharia akasema, "Mama Robi, mtu anaweza kushushwa akiwa anachechemea." Mume wangu akatabasamu. Mimi sikuona cha kuchekesha.

Sasa nitasema la bweni, na hapa nitasema ukweli hata kama unanikera.

Bweni letu lilikuwa aibu. Watu arobaini walilala mle kama kuni. Wanaume upande huu, wanawake upande ule, katikati moto, moshi hauna pa kutokea. Mwenye kifua alikohoa usoni mwa asiye na kifua. Mvua ikinyesha nyasi zinavuja, na wale wa upande unaovuja walikuja kwangu ghalani, nikawafungulia, wakalala juu ya magunia na nguo zao mbichi. Niliona ni vizuri. Nani ataiba gunia lililolaliwa na mtu? Nilijisifu kwa akili hiyo. Kila kambi nyingine ilikuwa inaibiwa, yangu haikuibiwa hata debe.

Baharia alikuja na kamba. Alikuwa ameipiga mafundo, na alisema kati ya fundo na fundo ni mahali pa mtu mmoja. Urefu wa mtu na kiganja juu yake. Alisema huko kwenye meli ni sheria, mataifa yamekaa yakaiandika, kwamba baharia ana kitanda chake, na kitanda hakigusi sakafu, na hewa inaingia, na chumba cha kulala hakipakani na ghala la chakula wala la rangi wala la mafuta, na mgonjwa ana chumba chake, na pa kulia siyo pa kulalia. Alisema tajiri mwenye meli hakuiandika sheria hiyo kwa mapenzi. Aliandikishwa.

Bhoke, mwanamke mmoja wa kambini ambaye mdomo wake haukuwahi kupumzika, akaishika ile kamba.

"Haya mura, kijana wa majini, mume wangu akija kunitembelea, yeye analala fundo la ngapi?"

"Kwenye meli wageni hawalali," Baharia akasema.

"Basi ndiyo maana umerudi peke yako!"

Watu walicheka mpaka wakakaa chini. Lakini kesho yake nilimwona Bhoke anakata fito za kitanda. Ndani ya mwezi mmoja kila mtu alikuwa na kitanda cha fito, bweni limetobolewa matundu juu ya kuta, wanawake wana mlango wao, mwenye kifua ana kibanda chake na kikombe chake. Kukohoa kulipungua. Nililisikia hilo kwa masikio yangu, na bado nilijiuliza, anapata nini? Mtu hapangi vitanda vya watu arobaini bure. Tena yeye mwenyewe hakulala kitandani! Alilala nje, barazani kwa bweni, juu ya gunia tupu, mlango ukiwa wazi nyuma yake. Nilipomuuliza alisema hapendi chumba chenye mlango mmoja. Nikasema bweni sasa lina milango miwili, umeutoboa wewe. Akasema, "Nimekwisha kuzoea, mama."

Ghala ndilo lilikuwa vita yetu.

Alitaka watu wasilale mle hata mvua inyeshe mawe. Alitaka magunia yainuliwe juu ya magogo, yasiguse ukuta. Alitaka, na hapa ndipo nilipomshika, mtu mwenye ufunguo asiwe ndiye anayekagua. Kila Jumamosi waingie watu wawili, mmoja wa uongozi na mmoja wa kulala bwenini, wafungue gunia, wanuse, wapige saini.

"Kwa hiyo mimi ni mwizi," nikasema.

"Sijasema hivyo."

"Umesema watu wawili wanikague. Mtu anakaguliwa kwa uzuri wake?"

"Hukaguliwi wewe. Kinakaguliwa chakula."

"Chakula hakina miguu, Baharia. Mwenye miguu ni mimi."

Nikamwambia mume wangu amtulize mgeni wake. Mume wangu akasema, "Mama Robi, wainue tu hayo magunia juu ya magogo, yatakupunguzia nini?" Sikuinua. Mvua zikaja, watu wakalala juu ya magunia kama kawaida, na wengine walikuja hata bweni lilipokuwa halivuji tena, kwa kuwa magunia yana joto. Baadaye nilielewa joto lile lilikuwa linatoka wapi.

Halafu akaleta la watu watatu. Alilisema jioni moja watu wakiwa wanakula, bila kupaza sauti. Huko melini, alisema, mtu mmoja akilalamikia chakula ni mlalamishi. Wakiwa watatu wakaenda pamoja, nahodha hana budi kukikagua, na haruhusiwi kuwaadhibu. Basi. Hakuongeza neno. Lakini yalimfikia Mwenyekiti wa kijiji kabla sufuria hazijaoshwa, akaja kambini kwa baiskeli.

"Hapa ni kijiji cha ujamaa, siyo meli ya mabepari," Mwenyekiti akasema mbele ya watu wote. "Hapa hakuna nahodha wa kulalamikiwa. Chakula ni chenu, ghala ni lenu. Mnamlalamikia nani, kivuli chenu?"

"Ndugu Mwenyekiti," Baharia akasema, "hata kwenye meli ya mabepari watatu wanasikilizwa."

Mimi nikafikiri, huyu leo analala ndani. Mwenyekiti alimtazama muda mrefu, kisha akaomba maji ya kunywa. Sijui kwa nini hakumkamata. Hilo nalo nililiweka moyoni. Nikajisemea, kuna mtu mkubwa nyuma yake.

Wiki haikuisha, watu watatu wakaja mlangoni kwangu. Bhoke na wanaume wawili. Bhoke hakuwa na utani siku hiyo.

"Mama Robi, obokima ni chungu. Siku ya tatu leo."

"Uchungu uko mdomoni mwako."

"Sisi ni watatu," akasema.

Baharia alikuwa ameshafika na mkeka. Akaomba nifungue, nikafungua, kwa kuwa nikikataa watasema naficha. Alimwaga gunia moja la juu, lilikuwa zuri. Akamwaga la chini. Mahindi yalitoka yameshikana kama keki, yenye vumbi la kijani, na yakatoa moshi kidogo kama kitu kilicho hai. Akanusa, akafunga macho. Yalikuwa magunia kumi na mawili. Matano ya chini akayachora msalaba kwa mkaa.

"Haya hayaliwi," akasema. "Hata yakioshwa."

Kuku wawili waliodonoa pale kwenye mkeka walikufa. Nilisema ni kideri. Kideri kilikuwepo kweli mwezi ule, sikusema uongo, ila sikujiuliza kwa nini kimewachagua wawili hao.

Mwelewe ulikuwa mwaka gani ule. Mvua zilikuwa zimeharibu huku na kukataa kule, yale mahindi ya njano ya msaada yalikuja kwa matone. Magunia matano yalikuwa chakula cha kambi mpaka mavuno. Yakitupwa, watu wangerudi majumbani kwao, na wakirudi, nyani wangekula shamba na kijiji chote kisingevuna. Mwenyekiti akaamua. Yaoshwe, yaanikwe, yachanganywe na majivu kidogo, yasagwe, Jumatatu tuanze kuyala. Baharia alimfuata nyuma mpaka kwenye baiskeli, akisema, "Ndugu Mwenyekiti, nimeona watu wakifa kwa ini sababu ya unga mbovu. Tumbo linajaa maji, macho yanakuwa ya njano. Nimewashona ndani ya turubai kwa mkono huu." Mwenyekiti akasema hakuna mtu wa Mara aliyewahi kuuawa na mahindi.

Mimi nilikuwa upande wa Mwenyekiti. Naandika hilo pia. Niliona jambo lote liko wazi kama mchana. Mtu anayakataa magunia matano, yanaachwa kando kama takataka, halafu takataka hiyo inapanda punda na kuvuka Sirari, ambako mwaka wa njaa hawanusi. Nikamwambia Baharia uso kwa uso: "Yatabaki humu, na mimi nitalala mlangoni."

Jumamosi kabla ya Jumatatu hiyo, alikuja mgeni mkubwa kutoka wilayani. Amri ilitoka kwamba kambi nzima iende kijijini kumpokea. Tulikwenda sote, isipokuwa Baharia aliyesema ana homa. Tuliimba, tulicheza, mgeni akahutubia mpaka jua likaegemea. Tuliporudi kambini kufuli lilikuwa mahali pake, zima, halina mkwaruzo. Nikafungua. Magunia saba. Yale ya msalaba hayapo.

Kesho yake nilisimamishwa mbele ya mkutano. Mwenyekiti aliligeuza lile kufuli mkononi.

"Mama, kufuli hili halikuvunjwa. Lina funguo ngapi?"

"Mmoja."

"Uko wapi?"

"Kiunoni mwangu. Na haujatoka mwilini mwangu tangu mliponipa. Naapa kwa watoto wangu."

"Basi magunia yametokea kwenye tundu la panya?"

Watu wakacheka. Nikamnyooshea kidole Baharia, aliyekuwa amekaa nyuma kabisa anatazama kucha zake. "Muulizeni huyo! Aliniambia mwenyewe kwamba melini kila mlango una funguo mbili. Na jana alibaki hapa peke yake!"

Alisimama. "Sina ufunguo wa ghala," akasema. "Sijawahi kuwa nao." Walimpekua, wakavunja hata lile sanduku la bati. Lilikuwa na koti zito la baridi, picha ya wanaume watatu mbele ya mlango wa chuma, na barua. Hakukuwa na ufunguo. Akakaa.

Mume wangu akasimama naye. "Mke wangu si mwizi," akasema. Naye akakaa. Nilimshukuru moyoni kwa maneno hayo manne. Ilikuwa siku ambayo hakuna mwingine aliyenipa hata moja.

Walininyang'anya ufunguo. Hawakunipeleka polisi, sijui kwa huruma au kwa aibu ya kijiji. Lakini mtu mmoja alisema "Mama Magunia" watu wakitawanyika, na jina likanishika. Nilimwoza Robi wakweze wakiniita Mama Magunia. Wajukuu zangu waliitwa wa Magunia shuleni na walimu ambao hata hawakujua limetoka wapi. Jina la namna hiyo halikusumbui kila siku. Linangoja harusi, linangoja kugawana nyama, linangoja siku umevaa vizuri.

Magunia saba yalivutwa kwa kuchanganywa na mihogo, watu wakakonda, shamba likavunwa. Hakuna aliyekufa. Waliomshukuru Mungu walimshukuru. Mimi nilimwangalia Baharia.

Nilimwangalia miaka. Hakujenga nyumba ya bati. Hakununua ng'ombe. Alinunua redio, nikasema redio ile ni mahindi yetu yanaimba. Mume wangu akasema redio ni ya zamani. Baharia alikuwa akinisalimia wa kwanza kila tulipokutana, hata nikiwa nimegeuza uso, na hakuchoka. Siku moja aliacha mlangoni kwangu kamba nzuri ya katani aliyoisuka kwa namna ya kwao, ngumu kama mkono. Nikamfungia nayo mbuzi. Alifundisha vijiji vingine habari za ghala na vitanda, akaitwa mpaka Mugumu kuwaonyesha. Mtu anayesifiwa kote kwa kutunza chakula, na kwangu ndiye aliyekila. Nililala na hilo.

Mume wangu alipofariki, Baharia, ambaye wakati huo alikuwa ameshaoa, akazaa, akahamia Morotonga, alikuja akashika jembe la kaburi na hakulitoa mkononi mpaka wanaume wa nusu umri wake wakamsihi. Nikasema moyoni, hiyo ni dhamiri inachimba.

Mwaka uliofuata nikasikia anaumwa na hatapona. Nilikwenda Morotonga. Sikwenda kumwona mgonjwa. Nilikwenda kuuliza kabla mdomo haujafungwa.

Mkwe wake alinipokea. "Shikamoo, bibi. Amelala, lakini anasikia." Akaniwekea kigoda, akaenda jikoni. Baharia alikuwa chumbani, amekuwa mdogo, madirisha yote mawili wazi.

"Habari ya kuumwa," nikasema.

"Ninangoja zamu yangu. Karibu, Mama Robi."

"Sikaribii. Nimekuja kuuliza. Magunia yale uliyauza kwa nani?"

Aligeuza kichwa kunitazama.

"Yako kwenye shimo la zamani la wachimba dhahabu, kule kilimani. Tulimwagia maji, tukafunika kwa mawe. Hakuna aliyekula hata punje."

"Tulimwagia. Wewe na nani?"

Akaniuliza yeye. "Siku ile ya mgeni, wewe ulicheza?"

"Nilicheza. Wanawake wote walicheza."

"Na ufunguo kiunoni?"

Nilifungua mdomo kusema ndiyo. Nikaona uwanja, nikaona ngoma zinaanza, na Bhoke ananivuta mkono, na mimi nafungua kikamba cha ufunguo usilielie mbele ya mgeni, namkabidhi mtu aliyesimama kando ya umati. "Nishikie." Nilikuwa nimeapa kwa watoto wangu kwamba ufunguo haujatoka mwilini mwangu, na sikuwa nimedanganya, kwa maana mkono ule sikuuhesabu kuwa wa mtu mwingine.

"Alikuja na punda wawili," Baharia akasema. "Tulikwenda mara mbili. Akarudi kabla hotuba haijaisha."

Baba Robi alinirudishia ufunguo jioni tukiwa njiani. Nilikumbuka ulikuwa na joto na unyevu. Nikadhani ni jua.

"Unamsingizia mtu aliyekufa," nikasema. "Hawezi kukukana."

"Hawezi. Ndiyo maana sikutaka kumtaja."

"Kwa nini hamkusema?"

"Ungesikia, ungemwambia Mwenyekiti. Mwenyekiti angeyafukua. Watu wangeyala, njaa ilikuwa kali."

"Na baada ya mavuno?"

"Baada ya mavuno..." Akageuza uso ukutani. "Kuharibu chakula cha serikali ilikuwa jela, mama. Mimi niliogopa. Nilimwambia yeye, angalau mke wako mwambie. Akasema atakuambia. Kila mwaka nilimuuliza. Kila mwaka alisema, 'Yule mwanamke ni jiwe. Atastahimili.'"

Mkwe wake alikuwa analeta chai. Alisimama mlangoni na kikombe, hajui aingie au arudi.

Nilitafuta uongo usoni mwa Baharia. Nilikuwa na miaka mingi ya mazoezi ya kuutafuta. Sikuupata, na sikuridhika kwa kutoupata, mpaka leo sijaridhika. Lakini maneno yale, "atastahimili," niliyajua. Mume wangu aliyatumia nilipozaa mapacha wakafa. Sauti yenyewe nilikuwa naisikia.

"Jumapili," nikamwambia, "utakuja kijijini kwetu. Ibada ikiisha, watu hawajatoka, utasema."

"Mama Robi, miguu haisimami."

"Utasema ukiwa umekaa. Nitaleta gari la mtu."

Alipumua. Kisha akasema, "Nitasema mimi nilichukua. Wewe hukuiba. Hilo nitalisema, nife nimelisema." Akanigeukia. "Na mzee wako, nimtaje? Kaburi lake lina msalaba mzuri. Wajukuu wanampenda. Ukitaka nitanyamaza, nitasema nilikuwa peke yangu."

Mkwe wake alikuwa bado amesimama na kikombe. Nikakipokea, kwa kuwa kilikuwa kinamwunguza.

"Mtaje," nikasema. "Mtaje wa kwanza."